Gagarin Alipewa Mto wa Kukalia, Sisi Tunapewa Maneno

Kila mwaka Aprili 12 ikifika, kuna picha moja inajaa kwa simu yangu. Jamaa anatabasamu, kofia nyeupe kichwani, herufi nyekundu CCCP juu ya paji la uso. Chini yake mtu ameandika: Ota ndoto kubwa. Jiamini. Usikate tamaa. Halafu emoji ya roketi, halafu laiki kibao.

Huyo jamaa ni Yuri Gagarin, binadamu wa kwanza kwenda anga za juu. Aprili 12, 1961, dakika 108, akazunguka dunia mara moja na kurudi. Mwaka 2011 Umoja wa Mataifa ukaifanya tarehe hiyo kuwa siku ya kimataifa ya safari za binadamu angani. Mpaka hapo sina shida na mtu.

Shida yangu ni hayo maneno ya chini. Na kabla hamjanirukia kwenye komenti, wacha nikiri: mwaka jana na mimi nilitoa video kama hizo. Sekunde arobaini, muziki wa kuinua roho, sauti nimeifanya nzito kama mtangazaji wa redio saa mbili usiku. Ilitembea kuliko kitu chochote nimewahi kuposti. Usiku huo binamu yangu akanitumia ujumbe mmoja tu: "Si huyu msee alikuwa fundi wa chuma? Mbona hujasema?"

Manze, sikuwa najua. Nilitoa video ya mtu na sikujua alisomea nini.

Binamu yangu yuko chuo cha ufundi, anasomea kuchomelea na kuchonga vyuma kwa mashine. KCSE alipata C-. Kwenye harusi na matanga watu wakimuuliza shangazi kijana wake anasomea nini, anajibu "yuko chuo" halafu anauliza kama chai imeiva. Ukoo wetu wote unajua hiyo mbinu. Mwenye alienda kusomea sheria anatajwa na jina la chuo kikuu, mwaka na kozi. Huyu mwingine "yuko chuo."

Kwa hivyo nikaenda kusoma. Na nikipata nilichopata, niliifuta ile video.

Gagarin alizaliwa mwaka 1934 kijiji kinaitwa Klushino. Baba yake seremala, mama yake anafanya kazi kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa la ushirika. Wajerumani walipovamia mwaka 1941, afisa mmoja akachukua nyumba yao, na familia ikaishi karibu miaka miwili kwenye kibanda cha udongo nyuma ya nyumba yao wenyewe. Ndugu zake wawili wakapelekwa kufanya kazi ya kulazimishwa. Sasa hapo ndipo wenye mabango ya motisha hupenda kusimama: ona, alitoka kwa udongo akafika angani! Kama yeye aliweza, kwa nini wewe usiweze?

Wanaruka katikati yote. Na stori yenyewe iko hapo katikati.

Vita ikaisha. Mwalimu wake mmoja wa hesabu na sayansi alikuwa amehudumu jeshi la anga. Huyo mwalimu hakuwapa hotuba, aliwapa vijana kitu cha kufanya, na Gagarin akawa kwenye kikundi cha kutengeneza ndege ndogo za mfano. Akiwa na miaka 16 akaenda Lyubertsy, karibu na Moscow, kujifunza kazi ya kiwanda cha vyuma: kutengeneza kalibu na kumimina chuma kilichoyeyuka. Ile kazi ambayo hapa kwetu wasee wa jua kali huifanya wakiyeyusha vyuma kuukuu kutoa sufuria. Mchana kiwanda, jioni shule. Kutoka hapo akachaguliwa kuendelea na chuo cha ufundi mjini Saratov. Wikendi akawa anaenda klabu ya urubani ya mji huo, na kwa sababu pesa ilikuwa ngumu, alibeba mizigo bandarini kwenye mto Volga. Akajifunza kurusha ndege akiwa bado mwanafunzi wa ufundi.

Umeona? Mtu wa kwanza angani alikuwa mtu wa chuo cha ufundi. Kwa lugha yetu, mtu wa TVET. Ukoo wangu ungesema "yuko chuo."

Halafu sikia hii. Mwaka 1955 aliingia shule ya urubani wa kijeshi Orenburg, na karibu wamfukuze. Kila akijaribu kutua na ndege ya mafunzo inakuwa balaa. Mkubwa wake akaamua kumpa nafasi moja ya mwisho. Gagarin alikuwa mfupi, mita 1.57, na kwenye kile kiti hakuwa anaona vizuri mbele. Mwalimu wake akampa mto wa kukalia. Mto tu, wasee. Akaukalia, akaona, akatua.

Nilisoma hiyo sehemu mara tatu. Kama huyo mwalimu angekuwa mmoja wa hawa wasemaji wetu, angemshika bega na kumwambia ajiamini, na Gagarin angeendelea kuvunja magurudumu akiwa anajiamini kabisa. Alikuwa na ndoto tayari. Alikuwa na bidii tayari. Alichokosa kilikuwa sentimita chache chini ya makalio, na kuna mtu mzima aliyeangalia vizuri, akaona shida ni nini, akaenda kuleta.

Na siku ile ya 1961 alirudi duniani kwa parashuti, akashuka shambani karibu na mji wa Engels. Ng'ambo ya mto kutoka hapo ni Saratov. Alizunguka dunia nzima akashukia jirani na chuo chake cha ufundi.

Najua kuna mwenye atasema ninasifu Urusi ya kikomunisti. Sisifu. Sergei Korolev, mhandisi mkuu aliyetengeneza ile roketi, alikuwa amefungwa kwenye kambi za Stalin, na jina lake lilifichwa kwa umma mpaka alipokufa mwaka 1966. Serikali ile ilitumia sura ya Gagarin kujitangaza mpaka basi. Lakini ukiondoa propaganda yote, bado kinabaki hiki: kulikuwa na mwalimu, kiwanda, shule ya jioni, chuo na klabu, na kijana wa seremala akapanda moja baada ya nyingine.

Twende upande wa Marekani basi. Julai 1969 Neil Armstrong anakanyaga mwezi. Swali la haraka: alikuwa amevaa kazi ya nani? Ile suti ilishonwa Dover, Delaware, na kampuni iliyotoka kwa Playtex, wale watu wa sidiria. Wanawake waliozoea kushona nguo za ndani wakapewa kushona tabaka kwa tabaka za suti ya mwezini, na mshono haukuruhusiwa kukosea hata nusu milimita. Mshono ukiachia kule juu, mtu anakufa. Hao hawakuwa maprofesa. Walikuwa mafundi wa cherehani. Kuna dada yuko Gikomba saa hii anashona zipu ya jinzi yako kwa shilingi hamsini na unamwambia apunguze.

Sasa, kuna mwenye anajiandaa kuniuliza: kwani hamasa haina kazi? Iko na kazi, na sitakataa. Oktoba 1957 Urusi ilirusha Sputnik, setilaiti ya kwanza. Kijiji kimoja cha wachimba makaa ya mawe huko West Virginia, Coalwood, kijana anaitwa Homer Hickam akaiona ikipita juu angani. Akaamua atatengeneza roketi. Roketi ya kwanza ilibomoa ua wa bustani ya mama yake. Baadaye yeye na marafiki zake wakashinda kwenye maonyesho ya kitaifa ya sayansi mwaka 1960, na mwishowe akawa mhandisi NASA. Kuna filamu yake, pengine umeiona.

Hapo hamasa ilifanya kazi. Lakini rudi uangalie tena nani yuko kwenye hiyo stori. Kuna mwalimu, Freida Riley, aliyewatafutia kitabu cha jinsi roketi zinavyoundwa. Na kuna mafundi wa karakana ya mgodi waliowachongea vyuma, kwa sababu hakuna mtoto anachonga pua ya roketi kwa kisu cha jikoni. Sputnik iliwasha moto, sawa, lakini kuni zililetwa na watu wa pale kijijini.

Na serikali yao? Ilishtuka Sputnik ikipita juu ya vichwa vyao. Haikuweka mabango ya "ota ndoto kubwa" barabarani. Septemba 1958, hata mwaka haujaisha, wakapitisha sheria ya elimu iliyomwaga karibu dola bilioni 1 kwa miaka 4: mikopo ya wanafunzi, vifaa vya sayansi, hesabu, lugha za kigeni. Hiyo ndiyo maana ya kuhamasika ukiwa na bajeti mkononi.

Na kama bado unaamini hamasa peke yake inatosha, waulize wanawake. Juni 1963 Valentina Tereshkova, binti wa kiwanda cha nguo aliyejifunza kuruka na parashuti kwenye klabu ya mji wake, alienda angani na kuzunguka dunia mara 48. Miaka 26. Mabinti wa Urusi wote wakaambiwa tazama, inawezekana! Unajua mwanamke wa pili wa Urusi alienda lini? 1982. Miaka 19 baadaye. Walimweka kwenye picha halafu wakafunga mlango nyuma yake.

Marekani nako, kulikuwa na marubani wanawake 13 waliopita vipimo vya afya vile vile walivyopimwa wanaanga wa kiume. Ndoto walikuwa nayo, uwezo walikuwa nao, na saa za kurusha ndege kibao. NASA ikasema lazima uwe rubani wa majaribio wa jeti za kijeshi. Na mwanamke hakuruhusiwa kuwa rubani wa majaribio wa jeti za kijeshi. John Glenn mwenyewe alipochaguliwa hakuwa amemaliza digrii iliyotakiwa, na hilo likapitishwa. Mmoja wa wale wanawake, Wally Funk, alifika juu Julai 2021. Alikuwa na miaka 82. Hebu jaribu kumwambia huyo mama shida yake ilikuwa kutojiamini.

Turudi nyumbani sasa, maana mnaweza kudhani hizi ni stori za watu wa mbali. Si za mbali. Februari 1962 Glenn alipozunguka dunia, moja ya vituo vilivyokuwa vikimsikiliza kilikuwa Unguja. Desemba 12, 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza anga kwa miale ya eksirei. Iliitwa Uhuru, kwa sababu ilikuwa Jamhuri Dei. Neno letu, bahari yetu, sikukuu yetu. Mmoja wa waanzilishi wa kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alikuja kupata Nobeli mwaka 2002.

Mimi nilimaliza kidato cha nne bila mtu yeyote kunitajia hilo. Wewe je?

Wacha niwaambie nilichotajiwa. Nikiwa kidato cha tatu, shule yetu ilileta msemaji wa kutia moyo. Suti safi, maikrofoni ya sikioni, ukutani picha ya mwanaanga akiwa mwezini. Saa mbili nzima. Tukaambiwa tugeukie jirani tumwambie "wewe ni roketi." Nikageuka nikamwambia jirani yangu kwamba yeye ni roketi. Tulipiga makofi mpaka mikono ikauma, na sitawadanganya, nilitoka pale nikiwa na moto.

Mita mia kutoka kwa ule ukumbi kulikuwa na maabara ya fizikia. Ilikuwa na kufuli. Vifaa vilikuwa ndani, tulikuwa tunaviona kwa dirisha vikiwa vimefunikwa na nailoni, vinahifadhiwa visiharibike. Visiharibiwe na nani? Na sisi. Mara ya kwanza kushika voltimita ilikuwa wiki chache kabla ya mtihani wa vitendo wa KCSE, watu sita kwa voltimita moja, mmoja anashika, watano wanaandika anachosema. Ule moto wa ukumbini ulizima hapo mlangoni. Na yule msemaji alilipwa. Sijui ni pesa ngapi, lakini najua voltimita haziuzwi bei ya gari.

Hicho ndicho kinaniuma. Maneno ya kutia moyo yamekuwa njia ya bei nafuu ya kutotupa chochote. Na yako na sumu ndani yake: ukiambiwa miaka yote kwamba kinachohitajika ni kujiamini, siku ukianguka unajua wa kulaumiwa. Ni wewe. Hukuota vya kutosha. Mwenye alifunga maabara halaumiwi. Mwenye alikula pesa ya vifaa halaumiwi. Mwenye anataka binamu yangu afanye atachimenti miezi mitatu bila hata nauli halaumiwi. Ni wewe na imani yako ndogo.

Kuna hoja moja ya upande wa pili naiheshimu: watu wana njaa, roketi za nini? Si hoja mpya. Julai 1969, Apollo 11 ikiwa karibu kuruka, mchungaji Ralph Abernathy alifika hapo Florida na familia maskini na mikokoteni ya nyumbu, kuuliza nchi inayofikisha mtu mwezini inashindwaje kulisha watoto wake. Alikuwa na haki ya kuuliza, na sisi pia tuko nayo. Lakini mimi sijasema tujenge roketi za kubeba watu. Nasema fungueni maabara. Fundi anayejua kuchonga chuma bila kukosea nusu milimita atatengeneza pampu ya maji ya Turkana, mashine ya kusaga, spea ya trekta. Na siku nchi ikitaka setilaiti, yuko. Tayari tumeanza: setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiliwa angani mwaka 2018, na Taifa-1 ikaruka Aprili 2023 kwa roketi ya SpaceX kutoka California. Nani atatengeneza ya kumi, kama kila mwenye kushika spana anaonewa haya nyumbani kwao?

Kwa hivyo nina maombi matatu, na sitayapamba.

Kwa shule: ile pesa ya msemaji wa mwaka huu, nunueni vifaa. Halafu ondoeni kufuli. Kifaa kilichovunjwa na mwanafunzi akijifunza kimefanya kazi yake. Kilichokaa chini ya nailoni miaka kumi kimeibiwa, hata kama bado kiko hapo.

Kwa wazazi, mathee na buda, na shangazi yangu kama utafikiwa na hii: taja kozi. Mtu akiuliza, sema "anasomea kuchomelea na mashine," kwa sauti ile ile mnasema "sheria." Mama yake Gagarin alikuwa na mtoto wa kiwanda cha vyuma, na akaamka siku moja akasikia jina lake redioni.

Kwa sisi wa kuposti: Aprili 12 ijayo, usinitumie tabasamu la Gagarin na maneno matupu chini yake. Kama unajua kitu, fundisha mtoto mmoja wa ploti yenu. Kama una spana, mwazime mtu. Kama uko shule, uliza nani ana ufunguo wa maabara, na uulize tena kesho. Angalia mwenzako kwa makini uone anakwama wapi, kama yule mwalimu wa Orenburg. Saa zingine ni mto wa kukalia tu.

Ile video niliifuta, na laiki zake zote. Nimetoa nyingine. Haina muziki. Ni binamu yangu karakanani, kofia ya kuchomelea usoni, anaeleza kalibu ni nini na Gagarin alikuwa anafanya nini Lyubertsy akiwa na miaka 16. Kufikia saa hii imetazamwa na watu mia tatu na kumi na mbili. Mmoja wao ni shangazi. Ameandika chini: "Huyo ni kijana wangu, anasomea kuchomelea."